Shimo la choo, mizani na posho

Katikati ya mwaka 1973 Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na mada isiyozoeleka hewani: choo. Mara mbili kwa wiki kipindi kilieleza shimo lichimbwe wapi, mbu huzaliana wapi, kwa nini mtoto anayeshinda mtoni hukojoa damu, na kikohozi kisichokatika kina maana gani. Wakulima waliotoka shamba walikusanyika darasani, chini ya mwembe au kwenye baraza la ofisi ya chama cha TANU, redio ya betri ikiwa mezani. Kipindi kikiisha, mmoja wao alifungua kitabu, akawasomea sehemu ya wiki hiyo, kisha mjadala ukaanza. Tatizo hili lipo hapa kwetu? Linaletwa na nini? Tutafanya nini kabla hatujakutana tena?

Kampeni yenyewe iliitwa Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ndiyo iliyokuwa injini yake, ikishirikiana na Wizara ya Afya, na Sweden ikasaidia fedha. Ilidumu wiki 12 na kulenga maradhi ambayo kila familia iliyajua kwa majina: malaria, minyoo ya safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwa ngazi, waliofundishwa taifani wakiwafundisha wa wilayani, wa wilayani wakishuka tarafani, hadi kwa yule mwalimu au mkulima aliyejua kusoma vizuri kidogo kuliko wenzake. Vitabu takriban milioni moja vilichapwa. Watu waliohudhuria wanakadiriwa kufika milioni mbili. Sensa ya 1967 ilikuwa imehesabu watu milioni 12.3 nchi nzima, watoto wachanga wakiwemo, kwa hiyo si rahisi kupata mfano mwingine wa nchi maskini iliyowakalisha watu wazima wengi kiasi hicho kwa wakati mmoja kuzungumzia minyoo.

Historia ya afya ya jamii Afrika Mashariki husimuliwa mara nyingi kuanzia kwenye kumbi za mikutano za Ulaya. Kwa Tanzania ni afadhali kuanzia kwenye jembe na sururu. Na anayeifuata tangu Unguja ya karne ya 19 hadi leo hukutana na jambo lile lile kila kituo: wanakijiji ni nadra kukataa kazi. Kinachoyumba ni riziki ya yule mmoja kati yao anayekabidhiwa sanduku la dawa, au mizani, akaambiwa kuanzia leo wewe ndiye mtu wa afya.

Pwani ilikuwa imejifunza zamani, kwa gharama kubwa, kwamba kuna maradhi ambayo mganga hawezi kuyamaliza nyumba kwa nyumba. Kipindupindu kiliingia Unguja zaidi ya mara moja katika karne ya 19, na wimbi la 1869 hadi 1870 ndilo lililoandikwa kwa undani kuliko yote, kwa sababu mjini alikuwepo tabibu Mskoti, James Christie, aliyekuwa na tabia ya kuulizauliza. Aliwahoji wafanyabiashara, manahodha na wasafiri wa misafara, akaufuatilia ugonjwa nyuma hatua kwa hatua: kutoka upande wa Bahari ya Shamu, ukapita bara katika nchi ya Wamaasai, ukashuka Pangani, ukavuka bahari. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1876. Kinachovutia leo ni mbinu yake kuliko tiba yake. Bila maabara yoyote, kwa kuuliza nani alitoka wapi na lini, alionyesha kwamba kipindupindu husafiri kwa miguu ya watu, kwenye njia zile zile za pembe na nguo.

Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, hakuacha risala ya kitabibu, lakini aliacha mabomba. Alivuta maji ya chemchemi nje ya mji hadi Mji Mkongwe, na watu wa kawaida wakaweza kuchota maji yasiyotoka kwenye kisima kilichopakana na choo cha jirani. Ukitafuta mradi wa kwanza mkubwa wa afya ya jamii katika eneo hili, mabomba ya Barghash yana haki ya kudai nafasi hiyo kabla ya hospitali yoyote ya Wajerumani.

Hospitali zilikuja, na zilikuja na rangi. Dar es Salaam ya miaka ya 1890 ilipata hospitali mbili: ya Ocean Road, ufukweni kwenye upepo, kwa ajili ya Wazungu, na nyingine iliyojengwa kwa fedha za tajiri Sewa Haji Paroo kwa ajili ya Waafrika na Wahindi. Robert Koch mwenyewe alifanya kazi Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria. Darubini yake haikubadili mengi kwa mkulima wa Uzaramo. Nje ya miji, Waafrika walio wengi waliijua tiba ya serikali kupitia misheni, au kupitia kuchanjwa ndui kwa amri.

Kisha ikaja sindano ya buba.

Buba ulikuwa ugonjwa wa vidonda vibichi uliowatesa watoto vijijini, ukila ngozi na baadaye mifupa. Miaka ya 1920, chini ya Waingereza, dawa za sindano zenye bismuthi na aseniki zilianza kutolewa kwa wingi Tanganyika, na matokeo yake yalikuwa kama mazingaombwe: kidonda cha miezi kikakauka ndani ya siku chache. Watu walitembea mwendo wa siku kufuata sindano. Walipanga foleni kwa maelfu, na safari hii hakuna askari aliyewasukuma. Serikali ya kikoloni, ambayo hadi hapo ilizoea kulalamika kwamba wenyeji wanaogopa hospitali, ikajikuta haina wahudumu wa kutosha. Imani ya vizazi vilivyofuata kwamba tiba bila sindano si tiba, imani ambayo kila muuguzi wa zahanati amewahi kubishana nayo, ina mizizi kwenye foleni hizo.

Suluhisho la uhaba lilibuniwa katikati ya miaka hiyo ya 1920 na mkurugenzi wa huduma za tiba, John Shircore. Vijana wachache waliojua kusoma walichukuliwa kutoka kwenye maeneo ya machifu, wakafundishwa kwa miezi michache hospitali ya wilaya namna ya kusafisha na kufunga vidonda, kutoa dawa za kawaida na kutambua wa kupelekwa mbele, kisha wakarudishwa kwao kwenye kibanda cha udongo. Huyo ndiye dresa. Mshahara wake haukutoka Dar es Salaam. Ulitoka kwenye hazina ya utawala wa kienyeji, yaani kwenye kodi ya watu wale wale aliowafunga vidonda. Eneo lenye kahawa au pamba liliweza kumlipa; eneo kame likasuasua. Maafisa waliukosoa mpango huo kwa sababu za kitaalamu, wakisema mafunzo ni mafupi, usimamizi ni hafifu, kibanda ni kichafu. Yote yalikuwa kweli. Ila jambo la mlipaji, ambalo uhuru ungelirithi, halikupewa uzito huo.

Uhuru ulipofika Desemba 1961, Mwalimu Nyerere alitangaza vita dhidi ya maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, akiwa na jeshi la kuchekesha: madaktari wazalendo waliokuwa na shahada walikuwa 12 tu. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1963. Mwaka uliofuata ilitoka ripoti ya Richard Titmuss, msomi wa Kiingereza wa sera za jamii aliyeombwa kuishauri nchi, na ushauri wake ulikuwa kuweka kituo cha afya vijijini mbele ya hospitali, na kinga sambamba na tiba. Nchi ilikubali kwa maneno. Fedha ziliendelea kwenda mjini, kwa sababu hospitali ina jiwe la msingi na utepe wa kukata, na shimo la choo halina.

Azimio la Arusha la 1967 lilisema bila kupepesa macho kwamba mikopo inatumika mijini lakini inalipwa kwa jasho la mkulima. Ilichukua miaka mingine minne au mitano kabla hoja hiyo haijaingia kwenye vitabu vya mahesabu. Mkutano mkuu wa TANU wa 1971 ulitaka maji, elimu na afya vijijini vipewe kipaumbele, na kuanzia bajeti ya 1972/73 ujenzi wa hospitali ukabanwa. Lengo jipya likawa vituo vya afya 25 na zahanati 100 kila mwaka. Oscar Gish, mchumi aliyefanya kazi ndani ya wizara wakati huo, aliandika kitabu kizima juu ya uamuzi huo. Ndani yake mna hesabu kavu za kitanda kimoja cha hospitali kinaweza kugeuzwa huduma kwa watu wangapi vijijini, na kwa anayetaka kuelewa ujamaa ulivyofanya kazi, hesabu hizo zinafundisha kuliko hotuba nyingi za jukwaani.

Zahanati zilihitaji watu. Wakafundishwa kwa wingi waganga wasaidizi ambao vijijini waliitwa kwa herufi tatu tu, RMA, na ambao kwa mgonjwa hawakuwa wasaidizi wa mtu yeyote: walikuwa daktari. Wakafundishwa akina mama wa kliniki ya mama na mtoto, wenye mizani, chanjo na kadi. Chini yao kabisa, tangu 1969, vijiji vya ujamaa vilikuwa vikimteua mmoja wao apewe mafunzo mafupi na sanduku la huduma ya kwanza. Huyo alitakiwa kuishi kwa nguvu ya kijiji. Wengi hawakudumu. Sanduku lilikwisha dawa, kijiji hakikuwa na fedha, na shamba la mteuliwa lilikuwa linaota majani.

Katika hali hiyo ndipo Mtu ni Afya ilipopigwa redioni, na inafaa kukitazama kwa karibu kilichofanyika baada ya redio kuzimwa. Kikundi kilikuwa na watu kumi na kitu, mara nyingi ni wale wale waliokuwa wakijifunza kusoma na kuandika katika madarasa ya watu wazima yaliyoshika kasi tangu 1970. Kitabu kiliandikwa kwa Kiswahili chepesi, herufi kubwa, picha nyingi. Kikundi kisicho na redio, au kilichoishiwa betri, kiliendelea na kitabu peke yake. Kila mkutano ulipaswa kuishia kwenye tendo: kufyeka majani kuzunguka nyumba, kufukia dimbwi, kuchemsha maji ya kunywa, kuchimba choo kama hakuna, kukifunika kama kipo. Kwenye ua wa nyumba ikaongezeka samani mpya, kichanja cha kuanikia vyombo, miti minne wima na fito juu yake, ili sufuria na sahani zikaushwe na jua mbali na kuku na mbwa.

Vyoo vilichimbwa kwa maelfu mengi. Balozi wa nyumba kumi alipita kuhesabu, na nyuma yake alipita bwana afya, mtu ambaye tangu ukoloni alikuwa na sifa ya kuogopwa na mama ntilie kuliko polisi. Hapo ndipo kampeni ilipokuwa na nyuso mbili. Mahali pengine watu walichimba kwa sababu walikuwa wamejadili na kukubaliana kwamba safura hupenya kwenye nyayo za mtoto anayekanyaga kinyesi. Mahali pengine walichimba kwa sababu sheria ndogo ilisema faini. Choo cha faini hujulikana: mlango umeelekea barabarani, njia yake imeota majani, na ndani hakuna harufu. Tena kulikuwa na mambo ambayo kitabu kilichotungwa Dar es Salaam hakikuyaona vizuri. Katika jamii kadhaa mkwe na mkamwana hawawezi kuingia choo kimoja. Nyumba yenye heshima zake ilihitaji mashimo mawili, na serikali ilihesabu moja. Kwenye udongo wa kichanga shimo lilibomoka masika ya kwanza.

Pigo kubwa zaidi lilitoka kwa serikali yenyewe. Kuanzia mwishoni mwa 1973 hadi 1976, Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya watu, wengine kwa hiari, wengine kwa kubomolewa nyumba, wapangwe kwenye vijiji vya mistari iliyonyooka. Familia iliyochimba choo kwa ushawishi wa redio ikakiacha pale pale na kwenda kuanza upya mahali ambapo nyumba zilikaribiana na kisima kilitumiwa na wengi. Mantiki ya viongozi ilikuwa kwamba huwezi kumfikishia zahanati mtu anayeishi peke yake mlimani, na mantiki hiyo haikuwa ya kipuuzi. Hata hivyo, kuwakusanya watu kabla maji hayajafika ni kumwandalia kipindupindu makao. Kiligusa nchi mwaka 1974. Kikarudi kwa nguvu mwaka 1977, kikianzia Rufiji, na tangu hapo hakijawahi kuondoka moja kwa moja. Bila vyoo vya 1973 pengine kingeua zaidi, hilo halipimiki. Linaloonekana ni kwamba wiki 12 za mjadala zilifanya kazi ambayo mabomba yalipaswa kuikamilisha, na mabomba hayakufika.

Dunia lakini ilikuwa inatazama. Mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu kilichohaririwa na Kenneth Newell kuhusu nchi na maeneo ambako watu wenyewe walikuwa wakijitengenezea huduma ya afya. Tanzania ilikuwa na sura yake humo, jirani na China ya madaktari pekupeku na Cuba. Miaka mitatu baadaye, Septemba 1978, wajumbe wa nchi 134 walikutana Alma-Ata, katika Kazakhstan ya Kisovyeti, wakatangaza afya ya msingi kuwa njia ya kufikia afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Halfdan Mahler, Mdenmark aliyeliongoza shirika hilo, alikuwa amefanya kazi ya kifua kikuu India na alijua vizuri jinsi hospitali nzuri inavyoweza kuzungukwa na vijiji vinavyokufa. Watanzania waliorudi kutoka Alma-Ata wangeweza kusema kwamba waliambiwa mambo waliyokuwa wakiyafanya tayari.

Wakati mbaya kabisa wa kusifiwa. Mwezi uliofuata, majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Vita vikamaliza akiba, bei ya mafuta ikapanda, mazao yakaporomoka, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 zahanati nyingi zilikuwa na RMA, meza, daftari na kabati tupu. Kilichoziokoa kwa kiasi ni boksi. Kwa msaada wa Denmark na UNICEF, kila zahanati na kila kituo cha afya kilianza kuletewa boksi la dawa muhimu lililofungwa tayari, dawa zile zile kwa kiwango kile kile. Boksi halikujua kwamba kijiji kimoja kina malaria nyingi na kingine kina kikohozi, na siku za mwisho wa mwezi bado zilikuwa za panadoli tu, lakini liliwarudisha wagonjwa mlangoni.

Ni katika ukata huo huo ndipo Iringa ilipofanya jambo ambalo wataalamu wa lishe bado wanalisimulia.

Iringa ilikuwa, na bado ni, mkoa wa mahindi. Malori yaliondoka yakiwa yamejaa kwenda Dar es Salaam, na watoto waliobaki walikuwa wamedumaa. Mradi wa pamoja wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, ulianza mwaka 1983/84 katika vijiji 168 ukiwa na chombo kimoja kikuu: mizani ya kuning'inia. Ilifungwa kwenye boriti ya nyumba au tawi la mti. Mtoto alivalishwa kaptura ya kitambaa yenye mikanda, akaning'inizwa kwenye ndoano akipiga mateke na kulia, mshale ukatulia, na mhudumu wa kijiji akaweka nukta kwenye kadi. Kadi ilikuwa na ukanda wa kijani, wa kijivu na mwekundu. Mama asiyejua kusoma aliiona rangi. Akina baba nao waliiona, na siku ya afya ya kijiji, iliyofanyika kila baada ya miezi mitatu, haikuwa tena mambo ya wanawake pembeni.

Uzito ulikwenda hatua moja zaidi kuliko kliniki ya kawaida. Hesabu ya watoto walio kwenye nyekundu ilisomwa mbele ya serikali ya kijiji, ikapanda kata, tarafa, wilaya hadi mkoa, na kila ngazi iliulizwa imefanya nini na uwezo uliopo. Kwa nini mtoto huyu ana njaa kwenye ghala lililojaa? Majibu yalitoka kwa wanakijiji wenyewe. Anakula mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku, kwa sababu mama yuko shamba kutwa. Uji wake ni mwepesi, tumbo linajaa kabla mwili haujashiba. Anaharisha. Basi baadhi ya vijiji vikafungua vituo vya kuwalisha watoto mchana wakati mama zao wanalima, na Taasisi ya Chakula na Lishe ikaeneza ujuzi ambao wapika pombe walikuwa nao tangu enzi za mababu: unga wa kimea. Kijiko kimoja kwenye uji mzito kiliufanya ulainike, mtoto akaumeza ukiwa na unga wa kutosha ndani yake. Kimea kilichokuwa cha kilabuni kikahamia jikoni kwa mama mwenye mtoto mchanga.

Kati ya 1984 na 1988 sehemu ya watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo ilishuka kutoka asilimia 56 hadi 38, na wale walio katika hali mbaya kabisa kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Haya yalitokea katika miaka ya foleni za sukari na sabuni, mapato ya nchi yakiwa yameanguka. Wapo waliosema ni fedha za Italia. Fedha zilikuwepo, na magari pia. Lakini fedha za wafadhili zimepita katika mikoa mingi bila mtu kukumbuka hata jina la mradi, na tofauti ya Iringa inaelekea kuwa ile nukta kwenye kadi iliyolazimisha watu wazima kueleza mbele ya wenzao kwa nini mtoto wa jirani amekonda.

Na mhudumu? Kila kijiji kilichagua wawili, mwanamume na mwanamke, kwa mujibu wa utaratibu uliotangazwa nchi nzima mwaka 1983. Posho ilikuwa juu ya serikali ya kijiji. Mradi ulipokuwa na nguvu, viongozi wa wilaya wakija kila robo mwaka kukagua, vijiji vilijikamua. Ulipopungua kasi, posho ikachelewa, ikakatwa, ikasahaulika. Mhudumu wa kike mara nyingi ndiye aliyeshikilia kwa muda mrefu zaidi. Mizani ikabaki imening'inia kwenye ofisi ya kijiji.

Miaka ya 1990 ilibadili msamiati. Hospitali binafsi za biashara, zilizopigwa marufuku mwaka 1977, ziliruhusiwa tena mwaka 1991. Uchangiaji wa gharama hospitalini ukaanza 1993. Mwaka 1996 wilaya ya Igunga ikawa ya kwanza kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii, kaya ikilipa mara moja kwa mwaka. Huko Kilombero na Ulanga, watafiti wa kituo cha Ifakara, ambacho chimbuko lake ni maabara ndogo ya Rudolf Geigy ya mwaka 1957, walijaribu kuuza vyandarua na dawa ya kuvichovya kwa jina ambalo halikuhitaji tafsiri, Zuia Mbu. Wauzaji walikuwa wenye maduka, viongozi wa vijiji na watumishi wa zahanati. Watoto wa chini ya miaka mitano waliolala ndani ya vyandarua vilivyotiwa dawa walikuwa na uwezekano wa kuishi mkubwa zaidi kwa asilimia 27 kuliko wasiokuwa navyo. Kutokana na uzoefu huo ilizaliwa Hati Punguzo mwaka 2004: mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda nayo dukani, akaongeza kidogo, akaondoka na chandarua.

Serikali zimeirudia kazi ya vijijini mara kadhaa tangu hapo. Kampeni ya Nyumba ni Choo ilirudi kwenye shimo lile lile, safari hii kwa matangazo ya televisheni na wasanii, na kibuyu chirizi kikaenea shuleni na majumbani: galoni ya plastiki iliyotobolewa, kamba, kijiti cha kukanyaga kwa mguu, na kipande cha sabuni kinachoning'inia pembeni. Mwaka 2024 hata jina la Mtu ni Afya lilifufuliwa kwa awamu mpya.

Majirani wamelichukua suala la posho kila mmoja kwa njia yake. Rwanda, iliyoanza na wahudumu wa kujitolea mwaka 1995 nchi ikiwa bado magofu, iliwaingiza kwenye vyama vya ushirika vinavyolipwa kulingana na matokeo, fedha nyingine zikiwekezwa kwenye biashara za pamoja. Kenya ilizindua Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja na mkoba wenye vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari, pamoja na simu ya kuandikia taarifa. Malipo yao yamepangwa kuwa shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu, nusu kutoka kaunti. Mpango wa namna hiyo una faida ya kuwa sheria na udhaifu wa kuwa na walipaji wawili, ambao kila mmoja anaweza kumngoja mwenzake.

Tanzania nayo ilizindua mpango wake Januari 2024. Kanuni ni ile ile ya 1983, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, ila ngazi imeshushwa kutoka kijijini hadi kwenye kitongoji na mtaa. Wakati huo vitongoji vilikuwa 64,384, mitaa 4,263; mara mbili yake ni wahudumu 137,294, wa kufundishwa na kupelekwa kazini katika kipindi cha miaka mitano. Wanatakiwa kupita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya malaria, lishe, kifua kikuu, virusi vya ukimwi, na uzazi, mambo ambayo dresa, RMA na msaidizi wa ujamaa waligawana kwa zamu katika miaka mia moja. Fedha zinategemewa kutoka serikalini na kwa wahisani. Mwezi ambao mhisani amechelewa, bili ya watu hao itatua mezani kwa halmashauri 184, na nyingi kati yao bado zinahangaika kulipia mafuta ya gari la wagonjwa.